Mlango wa Mbasa

Jumanne, 7 Februari

Mvua tena. Muhogo nilioanika juzi umeota ukungu. Nimezunguka kipande changu cha mto asubuhi, kutoka mpaka wa shamba hadi kwenye mawe ya kufulia. Goti linauma. Maji yamepanda na yamebadilika rangi, kwa hiyo mbasa, samaki wetu wa masika, wataanza kuingia kutoka ziwani siku yoyote.

Zamu hizi zitaniua. Tulipounda Kamati ya Mto niliona ni jambo jema. Kila mjumbe alinde kipande kinachopakana na shamba lake, asitembee mbali. Sheria ni moja tu. Mwenye wigo wa matete ategeshe migono yake, ile mitego ya kusuka, pembeni, lakini katikati ya mto aache mlango, samaki wapite wakatage kwenye changarawe huko juu. Baba yangu aliacha mlango maisha yake yote na hakuna kamati iliyomwambia. Siku hizi wanunuzi wanashuka kutoka Mbinga na pikapu, kila mtu anaziba. Mwaka jana masika yote sikuona hata mgongo mmoja wa mbasa kule juu. Tukipata mwaka mwingine kama ule, samaki huyu tutabaki kuwasimulia wajukuu.

Leo nimeona matete yamekatwa upya, mwishoni mwa kipande changu, karibu na mawe ya kufulia. Ni kwa mkwe wangu, mume wa binti yangu Esta. Nimegeuza. Sikutaka kuona zaidi.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeona. Wigo umetoka ukingo hadi ukingo. Mlango hakuna. Migono sita, saba, imepangwa kama vile mto ni wa baba yake.

Na mimi ndiye mlinzi wa kipande hicho. Mimi, mama mkwe wake. Tangu amwoe Esta sijamtazama usoni, wala yeye hajanitazama. Jina lake silitaji, hata hapa ninapoandika peke yangu. Baba Yoeli, basi, kwa jina la mjukuu wangu. Nikiona shati lake njiani naingia kwenye mihogo. Yeye akiona kitenge changu anageuka alikotoka. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na sijawahi kuiona mzigo hadi leo.

Siku ya kugawana vipande tulikaa watu wazima darasani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka jambo hili. Hata mimi. Nilikuwa nafikiria goti.

Alhamisi, 16 Februari

Kikao. Nimeomba nibadilishiwe kipande. Mzee Danstani, mwenyekiti wetu, alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akasema kila mjumbe ana ndugu mtoni, tukianza kuhamishana hatutamaliza. Wengine wakatazama chini. Najua kwa nini. Nusu yao wanauza samaki kwa tajiri yuleyule wa Mbinga anayenunua kwa Baba Yoeli.

Wamekubali kwenda kumwona wao wenyewe. Haya. Nimerudi nyumbani nimechoka, nikala ugali wa jana na usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikalala bila kuosha sufuria.

Jumapili, 19 Februari

Nimegundua mchezo wake. Anakohoa.

Asubuhi nilikuwa nashuka mtoni baada ya ibada. Nikasikia kikohozi nyuma ya matete, kile cha mtu anayetoa taarifa. Nikageuka upesi, nikapanda hadi nyumbani. Ndipo nikakumbuka kwamba Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo, na Jumanne pia. Kila ninapokaribia wigo, anakohoa, na mimi nakimbia kama kuku.

Kukohoa ni heshima. Mtu anakohoa ili mkwe wake ajue yupo, wasije wakagongana. Huyu ameifanya fimbo ya kunifukuzia. Nina hasira.

Ijumaa, 24 Februari

Wazee wa kamati wamekwenda kwake. Aliwapokea vizuri sana, nasikia. Shikamoo nyingi, viti vikatolewa, wakanywa togwa. Akashuka nao mtoni, akang'oa matete ya katikati mbele ya macho yao. Mlango huo hapo. Wakamshukuru.

Kila mmoja alirudi na mbasa wa kubanika amefungwa kwenye jani la mgomba. Mzee Danstani amepita hapa kuniambia mambo yamekwisha. Samaki mwenyewe alikuwa kwapani, ananuka moshi. 

Jumamosi, 25 Februari

Mlango umezibwa. Matete mapya, kamba mpya. Hata siku moja haikupita.

Jumatano, 1 Machi

Majivu. Kwaresima imeanza na pikapu ya tajiri imekuja kabla hatujatoka kanisani. Huko milimani Mbinga Wamatengo wana hela za kahawa, na Ijumaa zote hizi hawali nyama. Wanataka samaki. Tajiri anasema akipata mbasa wengi zaidi atachukua wote, hata mara mbili kwa wiki.

Kibanda cha Baba Yoeli cha kubanikia hakizimi moto. Moshi unaingia hadi jikoni kwangu. Nimefunga Kwaresima kwa kuvuta harufu ya samaki wenye mayai tumboni.

Jumamosi, 4 Machi

Nimemtuma Esta. Njia ya halali ndiyo hiyo, maneno yangu yapite kwa binti yangu yamfikie mumewe. Nimemwambia amweleze kwa upole. Aache mlango tu. Migono ya pembeni inatosha kula na kuuza.

Esta hakumtetea, wala hakunikubalia. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Akasema nyumba yao inavuja juu ya kitanda cha Yoeli, na mvua hii Mama unaiona. Mumewe ameahidi bati kabla ya Pasaka. Nikamwambia bati ni la leo, mto ni wa siku zote. Akasema mto haumlowanishi Yoeli.

 Nimerudi nikiwa nimeudhika naye, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilimwelewa.

Jumatatu, 6 Machi

Kitu kimetokea leo na sikukipanga.

Nilikwenda kufua mapema kabisa, hata ukungu haujainuka. Nikapitiliza mawe yetu kwa sababu maji yameyafunika, nikakaa pale penye jiwe kubwa, hatua chache kutoka wigoni. Nikafua mashuka. Nikasikia anakuja kutoka upande wake. Akakohoa.

Nikataka kuinuka. Goti likakataa. Liligoma kabisa, nikabaki nimekaa na shuka mkononi, aibu imenijaa usoni. Akakohoa tena, kwa nguvu. Siwezi kuinuka, nitafanyaje? Nikatulia.  Halafu nikasikia nyayo zake zinarudi alikotoka.

Hakuja tena asubuhi yote.

Mara zote nilikuwa nakuja nikimkuta, na anayekuja ndiye anayepisha. Leo nilitangulia mimi. Aliyetangulia hasogelewi, yeye pia amelelewa hivyo. Nimecheka peke yangu nikianika mashuka. Siku nyingi sikuwa nimecheka.

Jumanne, 7 Machi

Nimechukua kigoda changu, kile cha kukunia nazi, na chupa ya chai. Nikafika kabla yake. Nikaingia majini hadi mapajani, nikang'oa matete ya katikati moja moja. Kazi ngumu, amefunga vizuri, lazima niseme. Nikatoka, nikakaa kwenye kigoda, uso nimeuelekeza mtoni.

Akaja. Akakohoa.

Na mimi nikakohoa.

Akaondoka.

Jumatatu, 13 Machi

Kila siku niko pale. Siwezi kusema ni raha. Mvua inanipiga, majani ya mgomba hayazuii kitu, mbu wa mtoni wana njaa. Shamba langu la mahindi limeota magugu. Jioni nikiondoka giza linaingia, anakuja kutazama migono ya pembeni, anachukua kilichomo, anakwenda. Mlango hausogelei, kwa sababu alfajiri nitakuwa pale kuutazama. Migono hiyo ni haki yake, sina ugomvi nayo.

Amejaribu kumleta kaka yake. Kaka yake naye ni mkwe, nikakohoa, akakimbia mbio kuliko mdogo wake.

Leo kama saa ya chakula nimemwona. Mbasa mkubwa, mgongo wake umetokeza kwenye mlango, amesimama anapigana na maji, halafu akapita. Nyuma yake wawili. Halafu sikuweza kuhesabu. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama. Nilitaka kumwita mtu aje aone. Hakukuwa na mtu.

Alhamisi, 23 Machi

Tajiri wa Mbinga amekuja mtoni mwenyewe, na viatu vyake. Mnene, mstaarabu, ana shikamoo nzuri. Akachuchumaa karibu yangu akaanza kunielimisha. Zamani ushirika ulikuwa unatubana, sasa mambo ni huria, kila mtu ananunua na kuuza apendavyo, hata kahawa imefunguliwa. Kwa nini mama mtu mzima nakaa mvuani kuzuia riziki ya watoto wangu mwenyewe? Nikamwambia soko liko Mbinga, hapa ni mtoni.

Akasema atamleta utingo wake azibe, yeye si mkwe wangu. Nikamjibu ni kweli, huyo naweza kuongea naye, tena nitaongea naye mpaka kijiji kizima kije kusikiliza.  Akaondoka anafuta matope kwenye viatu.

Utingo hakuja. Lakini tajiri amepunguza safari zake, na anamwambia kila mtu ni kwa sababu yangu. Sokoni leo wanawake wawili hawakuitikia salamu yangu. Mmoja nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, enzi za kisomo cha watu wazima.

Jumapili, 2 Aprili

Esta amekuja mtoni. Alisimama nyuma yangu muda, nikijua ni yeye kwa kupumua kwake. Hakukaa.

"Mama, unamfukuza mume wangu mtoni."

"Sijamfukuza. Nimekaa tu."

"Watu wanamcheka. Wanasema ameshindwa na kigoda cha mama mkwe."

Nikamwambia naye acheke pamoja nao. Akasema bati halikununuliwa, Yoeli anakohoa kwa unyevu, na mumewe anakohoa kwa moshi wa kibanda usiku na mchana akijaribu kufidia kwa usipa. Akasema nimechagua samaki. Halafu akaondoka. Hakusema kwaheri.

Sikugeuka kumtazama. Nilijua nikigeuka nitainuka, na nikiinuka nitamfuata. Mbasa walikuwa wanapita mbele yangu na sikuwafurahia hata kidogo.

Jumatano, 5 Aprili

Esta hamleti tena Yoeli kunisalimia. Nilipika viazi vingi kwa mazoea. Nimekula vichache, vingine nimewapa kuku.

Nimechoka. Nimechoka na mto, na kamati, na watu. Kama kuna mtu atakuja kesho aniambie mama pumzika, nitampa kigoda hiki bila swali. Hakuna atakayekuja.

Jumatano, 12 Aprili

Homa. Ilinikamata jana palepale mtoni, baridi ya mifupa, meno yanagongana. Nilitambaa kurudi nyumbani. Kigoda nimekiacha kule, sikuwa na nguvu ya kukibeba.

Jirani amenipa vidonge vya zahanati. Masikio yanavuma. Nje mvua haikatiki na mimi nawaza mlango tu. Sasa hakuna mtu pale. Ataziba. Mimi ningekuwa yeye ningeziba.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka nimeisikia kwa kengele. Mzee Danstani amekuja baada ya ibada, ameleta mkate na stori. Anasema afisa kutoka wilayani ameisifu Kamati ya Mto, na kwamba kijiji chetu kitakuwa mfano. Nikamuuliza nani analinda kipande changu. Akasema, ah, wakati huu wa sikukuu, dada.

Anasema mto umepanda usiku wa kuamkia jana kuliko miaka yote, maji yamefika kwenye migomba. Basi na kigoda kimekwenda ziwani. Marehemu baba Esta ndiye aliyekichonga. Nimelia kidogo, ni homa.

Esta hajaja.

Jumanne, 18 Aprili

Nimeshuka mtoni na fimbo, taratibu, napumzika kila penye mti.

Maji yameanza kurudi. Matope hadi kwenye migomba, kama alivyosema Mzee Danstani. Wigo umeinama, lakini umesimama. Mlango uko wazi. Nilitazama mara mbili, nikidhani macho bado yana homa. Matete yaliyokatwa yamelala ukingoni upande wa Baba Yoeli, fungu zima, na kamba juu yake. Alikuja nayo. Alikuja, na hakuziba.

Na kigoda hakikwenda na maji. Kiko juu kwenye panda ya mkuyu, kimefungwa kwa kipande cha kitenge kisishuke. Kitenge nakifahamu. Nilikinunua mimi Liuli, Esta alipojifungua Yoeli.

Mkwe hawezi kugusa kiti cha mama mkwe, na hawezi kupita pale kilipo. Wigo wote unaonekana kutoka kwenye mkuyu ule. Ningeweza kusema kigoda ndicho kilichomzuia. Lakini aliyekipandisha juu, katika mvua ile, maji yakiwa magotini, alijua anafanya nini. Na analala kitanda kimoja na mwenye wigo.

Sikukishusha. Nilikaa chini yake kwenye majani, hadi jua likatoka.

Jumamosi, 22 Aprili

Yoeli amekuja na mama yake. Hatukuzungumzia mto. Esta alipalilia mahindi yangu nusu siku, mimi nikamnywesha mtoto chai ya mchaichai kwa kifua chake. Kigoda nilikishusha juzi, na kitenge nilikuwa nimekifua na kukikunja. Nilimpa. Alikipokea akakiweka begani, akaendelea kupalilia.

Jumamosi, 27 Mei

Mvua imekwisha. Maji ni meupe, unaona hadi chini. Nimepanda hadi kwenye changarawe. Kwenye maji madogo ya pembeni kuna vifaranga vya mbasa, vyembamba kama vijiti vya kiberiti, vingi mno. Kivuli changu kikipita vinatawanyika, halafu vinarudi. Nilikaa pale muda mrefu, sikuwa na kazi nyingine.

Niliporudi nimekuta mshenga, yule yule aliyeleta posa ya Esta. Amekaa barazani na kuku wa madoa, amefungwa miguu. Ametumwa na Baba Yoeli. Anaomba kufunguliwa njia.

Kuku huyu akichinjwa na kuliwa, aibu ya mkwe inakwisha kati yetu. Tutasalimiana, atapita uani kwangu, nitapita kwake. Nimempokea kuku, nikamshukuru mshenga. Sikusema nitamchinja lini.

Nina akili bado. Njia ikifunguliwa, masika ijayo naweza kukaa kwenye kigoda nikohoe mpaka mapafu yatoke, atakuja tu na matete yake apite pembeni yangu na shikamoo juu. Ulinzi wangu wote ulikuwa kwenye aibu ile. Labda analijua hilo. Labda ndiyo sababu ya kuku.

Au labda amechoka, kama mimi.

Jumapili, 28 Mei

Nimemfungua kamba, anazunguka uani. Ametaga yai. Nimelikaanga nikala. Yai si kuku, mila haisemi chochote juu ya mayai. Ningeweza kumfuga hivi hivi hadi mvua zirudi, na hakuna atakayenilaumu.

Jumatatu, 29 Mei

Nimemchinja asubuhi. Goti hili halitaweza masika nyingine mvuani, huo ndio ukweli, na kigoda peke yake hakitapanda juu ya mti. Mwakani nitalazimika kumwambia kwa mdomo. Sijui kama mdomo utatosha.

Nimekula paja na mchuzi. Firigisi nimeifunga kwenye jani, nimempa Esta ampelekee, ya mwanamume wa nyumba. Esta alikaa akanitazama, halafu akatabasamu upande mmoja, kama baba yake.

Jioni nilikuwa barazani nachambua maharage. Nikasikia kikohozi njiani, nyuma ya mihogo. Miguu ilitaka kuinuka yenyewe. Nikaituliza.

"Pita, baba," nikasema.

Akapita. Mwembamba kuliko nilivyodhani, nywele zimeanza mvi. Akasema shikamoo mama, akitazama chini, nikaitikia marahaba. Akasimama pale, akakohoa tena, na tena, akashindwa kujizuia, akainama ameshika kifua. Kikohozi cha kweli, cha moshi.

Nilimpa kiti. Nikaenda jikoni kumchemshia mchaichai.